Umeitwa Kwenye Juri Marekani: Nani Anastahili, Kesi ya Madai Huwa na Wanajuri Wangapi, na Ufanye Nini Hatua kwa Hatua

Bahasha inakuja kama bahasha nyingine: jina lako, nembo ya mahakama kwenye kona, na ndani yake maneno makali kwamba usipojibu utaadhibiwa. Kwa mtu aliyefika Marekani akitokea Bukavu, Mombasa au kambi ya Nyarugusu, barua ya mahakama ina maana moja tu: nimeshtakiwa. Wapo wanaoificha kwenye droo. Wapo wanaompa mtoto wa sekondari aijaze upesi kabla ya kwenda mpirani. Na wapo wanaotia alama kila palipoandikwa "ndiyo", wakidhani serikali hupendezwa na "ndiyo". Hao wa mwisho ndio walionifanya niandike mwongozo huu, maana alama moja kwenye kisanduku kisicho chako inaweza kukufungia mlango wa uraia maisha yako yote.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Redio zetu nyingi husema "baraza la wazee wa mahakama", na tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia hivyo tunawakumbuka wale wazee wa baraza waliokuwa wakikaa kando ya jaji. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Kazi yao ilikuwa kutoa maoni, na jaji hakufungwa nayo. Juri yenyewe iliwahi kuwepo Kenya enzi za ukoloni, lakini ilikuwa haki ya Mzungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee. Mwanajuri wa Marekani si mshauri. Jaji anamweleza sheria, kisha yeye na wenzake wanaamua ni nini kilitokea, nani ana kosa, na katika kesi za madai, aliyedhurika alipwe kiasi gani. Ndiyo maana hapa nitasema juri na mwanajuri, tusije tukachanganya.

Na kesi ya madai ni ile ambayo hakuna anayekwenda jela. Gari limekugonga, mwajiri amekufukuza kwa sababu ya rangi yako, daktari amekosea upasuaji, mkandarasi amekula pesa bila kumaliza nyumba, askari amekupiga bila sababu na unadai fidia. Mdai yuko upande huu, mdaiwa upande ule, na katikati wamekaa raia wa kawaida. Katiba ya Marekani, Marekebisho ya Saba ya mwaka 1791, inalinda haki ya juri kwenye mashauri ya aina hii katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya taifa, pale dai linapozidi dola 20. Kiwango hicho hakijawahi kubadilishwa.

Hatua ya 1: Jua barua imetoka mahakama gani, na inataka nini

Kuna mahakama za shirikisho na kuna mahakama za jimbo au kaunti. Sheria zake hazifanani, kwa hiyo kabla ya kumsikiliza jirani anayekupa ushauri, soma jina la mahakama juu ya karatasi. Jirani yako huenda aliitwa kwenye kaunti, na wewe umeitwa na mahakama ya shirikisho.

Halafu tazama ni barua ya aina gani. Ya kwanza kwa kawaida ni fomu ya maswali ya kupima sifa. Hujaitwa bado, wanataka tu kujua kama unastahili kuitwa. Katika mahakama za shirikisho una siku 10 za kuirudisha, na siku hizi unaweza kuijaza kwenye tovuti. Ya pili ni hati ya wito yenyewe, yenye tarehe na mahali pa kuripoti. Kaunti nyingi huziunganisha mbili hizi katika karatasi moja.

Kama mzee wa nyumbani hawezi kujaza fomu ya shirikisho mwenyewe, sheria inaruhusu mtu mwingine amjazie, ila aandike kwamba yeye ndiye aliyejaza na aeleze sababu. Sehemu hiyo ya fomu ipo, lakini familia zetu huiruka. Mtoto anajaza, anatia saini kwa jina la bibi, na kumbe asingepata shida yoyote kama angeandika "mimi mjukuu nimemjazia kwa kuwa hasomi Kiingereza". Maneno hayo pia yanamweleza karani jambo la maana, kama utakavyoona mbele.

Hatua ya 2: Swali la uraia

Hapa nenda polepole. Keti, vaa miwani, soma mara mbili.

Kupokea barua si ushahidi kwamba unastahili. Mahakama huchota majina kwenye daftari la wapiga kura, na sehemu nyingi huongeza orodha ya wenye leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Kompyuta inachota jina, haijui wewe ni nani. Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, ana leseni, mkimbizi ana leseni, mwombaji hifadhi ana leseni. Wote wanaweza kupata barua ile ile, na hakuna kati yao anayestahili kukaa kwenye juri ya mahakama ya shirikisho. Ni raia peke yake. Majimbo nayo yanataka hivyo hivyo.

Ukiwa na grinikadi, hata kama umeishi hapa miaka 20, unalipa kodi na watoto wako wamezaliwa Ohio, jibu lako ni moja: mimi si raia. Tia alama hapo, ambatisha nakala ya kadi kama wameiomba, tuma, na ubaki na nakala ya kila karatasi. Kazi imekwisha. Hutaadhibiwa kwa kutokuwa raia.

Ukidai uraia usio nao, mambo ni mazito. Sheria ya jinai ya shirikisho inaadhibu dai la uongo la uraia kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 3. Sheria ya uhamiaji inalihesabu kuwa sababu ya kukunyima ukaazi na sababu ya kukuondoa nchini, na ni kati ya makosa magumu kabisa kupata msamaha wake. Siku utakapojaza fomu ya N-400 kuomba uraia, utaulizwa kama umewahi kudai, kwa maandishi au vinginevyo, kwamba wewe ni raia. Fomu ya juri ni maandishi. Kama alama imeshatiwa kimakosa na fomu imeshatumwa, usisubiri: mtafute wakili wa uhamiaji sasa hivi, kabla ya kugusa N-400, na peleka nakala zako.

Kuna upande wa pili ambao watu hawauzungumzii. Raia kamili, ameapa, ana cheti, lakini hataki kupoteza siku ya kazi, anatia alama "si raia". Huo nao ni uongo chini ya kiapo, na una matokeo. Texas, kwa mfano, karani wa mahakama hupeleka majina ya waliojitoa kwenye juri kwa kusema si raia kwa msajili wa wapiga kura. Unajitoa kwenye juri Jumatatu, na uchaguzi ukifika jina lako lina maswali.

Vijana nao wana fumbo lao. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2000, mtoto mwenye grinikadi, aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi aliyepata uraia, huwa raia papo hapo bila kuapa popote. Basi kuna kijana wa miaka 20 mwenye grinikadi ya zamani mfukoni ambaye amekuwa raia tangu akiwa na miaka 14, siku mama yake alipoapa, na hajui. Kabla hajajibu, familia itafute cheti cha mama na ilinganishe tarehe.

Uraia pacha hauzuii kitu. Mkenya aliyebaki na uraia wake wa Kenya, kama Katiba ya 2010 inavyomruhusu, na akawa raia wa Marekani pia, anastahili sawa na mzaliwa wa Chicago.

Hatua ya 3: Sifa zilizobaki

Kwa mahakama za shirikisho, ukiacha uraia, sheria inataka mambo haya: uwe na miaka 18 au zaidi, uwe umeishi ndani ya wilaya ya mahakama hiyo mwaka mmoja, uweze kusoma, kuandika na kuelewa Kiingereza kiasi cha kujaza ile fomu, na uweze kukizungumza, usiwe na ugonjwa au ulemavu wa akili au mwili unaokuzuia kweli kufanya kazi hiyo, na usiwe na shtaka linaloendelea, wala hatia iliyopita, la kosa linaloadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka 1, isipokuwa kama haki zako za kiraia zimerudishwa. Tazama vizuri: hoja ni kifungo ambacho kosa linaweza kuleta, hata kama wewe ulifungwa wiki mbili tu. Majimbo hutofautiana sana hapa. California, tangu mwaka 2020, imewafungulia mlango wengi waliokwisha kutumikia vifungo vya makosa makubwa.

Kuhusu Kiingereza, nina maneno mawili kwa watu wetu. La kwanza, lafudhi si kosa. Sheria haijasema uongee kama mtangazaji wa televisheni. Kama unaendesha lori kutoka Dallas hadi Denver ukizungumza na wapakiaji, unasoma mikataba yako na kujaza fomu zako, Kiingereza chako kinatosha. Usijitoe kwa aibu. La pili ni la wazee. Mtu mwenye miaka 50 aliyekaa na grinikadi miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15, anaruhusiwa kupata uraia bila mtihani wa Kiingereza. Kwa hiyo bibi anaweza kuwa raia halali kabisa na bado asistahili juri kwa sababu ya lugha. Hakuna aibu wala kosa. Jibu la kweli kwenye swali la Kiingereza linatosha.

Jimbo moja limechagua njia nyingine, nami nalipenda kwa hilo. Katiba ya New Mexico inasema haki ya kukaa kwenye juri haizuiliwi kwa kutojua kusoma, kuandika au kuzungumza Kiingereza wala Kihispania, na mahakama zake huweka wakalimani kwa ajili ya wanajuri. Raia wa Albuquerque asijibu swali la lugha kama anayeishi Texas.

Swali la rangi na kabila kwenye fomu ya shirikisho linawatia watu wetu wasiwasi. Lipo ili mahakama iweze kukagua kama inawabagua watu. Lijibu.

Hatua ya 4: Kusamehewa na kuahirishwa ni vitu viwili

Wapo wanaoondolewa na sheria ya shirikisho hata wakitaka kukaa: wanajeshi walio kazini, polisi na wazimamoto wa kuajiriwa, na maofisa wa umma wanaofanya kazi hiyo muda wote. Kisha wapo wanaoweza kuomba msamaha kwenye wilaya nyingi za shirikisho: wenye zaidi ya miaka 70, na waliokaa kwenye juri ya shirikisho ndani ya miaka 2 iliyopita. Wengine wote wanaomba kwa sababu ya shida kubwa, na hapo barua fupi yenye ushahidi hushinda hadithi ndefu. Unanyonyesha, sema, weka barua ya daktari. Unamtunza mzee peke yako, sema. Wewe ni dereva wa teksi wa kujitegemea na usipoendesha wiki 2 hakuna kodi ya nyumba, andika hivyo hivyo kwa tarakimu.

Lakini mara nyingi unachohitaji ni kuahirishwa. Arusi ya binamu iko Minneapolis wiki ile ile, au tiketi ya Dar es Salaam imeshalipwa: omba tarehe nyingine, na ombi la kwanza kwa kawaida hukubaliwa bila mvutano. Omba mapema, kwa maandishi, na usidhani kimya ni kibali. Mpaka upate jibu, wito bado upo.

Usipofika bila sababu, mahakama ya shirikisho inaweza kukutoza faini hadi dola 1,000, kifungo cha hadi siku 3, kazi za kijamii, au vyote kwa pamoja.

Hatua ya 5: Mwajiri, malipo, na matapeli

Mwajiri haruhusiwi kumfukuza, kumtisha wala kumbana mfanyakazi wake wa kudumu kwa sababu ya juri ya shirikisho. Akifanya hivyo anaweza kutozwa hadi dola 5,000 kwa kila kosa. Mpe nakala ya wito siku unayoupata, si asubuhi ya kuondoka. Mshahara ni suala jingine. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kukulipa siku hizo. Massachusetts inamtaka akulipe mshahara wako siku 3 za kwanza; majimbo mengi hayana sheria kama hiyo. Mahakama ya shirikisho yenyewe inalipa dola 50 kwa siku pamoja na nauli, na kesi ikipita siku 10 inaweza kupanda hadi dola 60. Mahakama za majimbo hulipa chini ya hapo mara nyingi. California hulipa dola 15, tena kuanzia siku ya pili. Ni kidogo, nami naona ni dosari kubwa ya mfumo huu, kwa sababu anayeumia ni yule wa kulipwa kwa saa, ambaye sauti yake ndiyo inayokosekana mle ndani.

Sasa matapeli. Simu inaingia, sauti ya mamlaka inasema hukufika kwenye juri, kuna hati ya kukukamata, lipa sasa kwa kadi za zawadi au kwa kutuma pesa. Kata simu. Mahakama haidai faini kwa simu, haiombi namba yako ya hifadhi ya jamii kwa simu, na hakuna mahakama inayolipwa kwa kadi za zawadi. Ukiwa na shaka, piga namba iliyoko kwenye tovuti ya mahakama, si ile iliyokupigia.

Hatua ya 6: Juri ya madai ina watu wangapi

Filamu zimetufundisha watu 12. Uingereza ya kale ndiyo iliyoleta hesabu hiyo, na kwa karne nyingi hakuna aliyeigusa. Mwaka 1970, katika kesi ya Williams dhidi ya Florida, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwenye shauri la jinai kwamba 12 ilikuja kwa bahati ya historia tu, na 6 wanatosha. Mwaka 1973, kesi ya Colgrove dhidi ya Battin, iliyotoka mahakama ya shirikisho ya Montana, ikasema hivyo hivyo kwa kesi za madai. Mwaka 1978 kukawekwa sakafu: katika kesi ya Ballew dhidi ya Georgia, watu 5 kwenye kesi ya jinai walionekana ni wachache mno. Majaji walitazama tafiti zilizoonyesha kwamba kundi likipungua, mjadala unapungua kina, kumbukumbu ya ushahidi inapungua, na walio wachache katika jamii hawana nafasi ya kuonekana.

Leo, kanuni ya 48 ya mashauri ya madai ya shirikisho inasema juri ianze na watu wasiopungua 6 na wasiozidi 12, na uamuzi uwe wa kauli moja, isipokuwa pande zote zikubaliane vinginevyo. Tena hakuna wanajuri wa akiba. Tangu mwaka 1991, kila aliyeketishwa anashiriki uamuzi. Ndiyo maana mara nyingi utaona jaji ameketisha 7 au 8: mmoja akiugua, mwingine akifiwa, bado wanabaki 6. Wakishuka chini ya 6 bila pande zote kukubali, kesi yote inaanza upya.

Majimbo ni bahari nyingine. California inaketisha 12, na 9 wakikubaliana inatosha. Mahakama ya wilaya ya Texas ina 12 na inahitaji 10. Mahakama ya kaunti hukohuko ina 6 na inahitaji 5. Kentucky, ambako Louisville na Lexington zina Wakongo wengi, mahakama ya mzunguko ina 12 na 9 hupitisha. Ohio ina 8, wanatosha 6, Arizona vilevile. Iowa ina 8, na baada ya saa 6 za kujadiliana wanatosha 7. Minnesota ina 6, na baada ya saa 6 wanatosha 5. New York ina 6 na inahitaji 5. Florida ina 6 na wote lazima wakubaliane, ila kesi ya serikali kutwaa ardhi huwa na 12. Virginia, kesi kubwa za madai husikilizwa na 7.

Hesabu hizi zinamgusa mtu moja kwa moja. Ukikaa kwenye 12 wanaohitaji 9, wewe na wenzako wawili mnaweza kushindwa kura na uamuzi ukapita. Ukikaa kwenye 6 wanaotakiwa kukubaliana wote, hakuna senti inayotoka bila wewe. Na kwa mdai mwenye jina la Kikongo au la Kisomali anayeingia ukumbini, tofauti ya 12 na 6 ni tofauti ya uwezekano wa kumwona hata mtu mmoja anayejua maana ya kuanza maisha upya ugenini. Mimi ni wa upande wa 12.

Hatua ya 7: Usaili

Jioni ya kuamkia siku yako, piga simu au angalia tovuti kama kundi lako bado linahitajika; kesi nyingi hupatana usiku huo. Ukifika, utakaa sana. Beba kitabu na chakula. Kisha mnaingizwa ukumbini, mnaapishwa, na jaji au mawakili wanawauliza maswali. Umewahi kupata ajali? Una ndugu polisi? Unamjua yeyote kati ya hawa? Una maoni gani juu ya watu wanaodai fidia?

Jibu kwa ukweli, na kama hukuelewa swali, mwombe jaji alirudie. Kuomba ufafanuzi kwa adabu hakukuondolei sifa. Jambo la aibu au la siri, kama kunyanyaswa huko nyuma au vita ulivyopitia, unaweza kuomba ulieleze faraghani mbele ya jaji na mawakili tu.

Kuondolewa kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni pingamizi lenye sababu: huwezi kuwa mwadilifu, na jaji amekubali. Halina idadi. Ya pili haihitaji sababu. Katika kesi za madai za shirikisho kila upande una pingamizi 3 za namna hii. Usilichukue moyoni.

Hata hivyo pingamizi hilo lisilo na sababu lina mpaka, na mpaka huo katika kesi za madai uliwekwa na fundi ujenzi. Thaddeus Edmonson aliumia kazini katika kambi ya jeshi ya Fort Polk, Louisiana, akaishtaki kampuni ya Leesville Concrete. Kampuni ilitumia pingamizi 2 kati ya 3 zake kuwaondoa watu weusi. Ikabaki juri ya watu 12, weupe 11 na mweusi 1. Wakakadiria hasara ni dola 90,000, lakini wakasema asilimia 80 ya kosa ni lake mwenyewe, hivyo akapewa dola 18,000. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ikasema hata katika ugomvi wa watu binafsi, hakuna ruhusa kumwondoa mwanajuri kwa rangi yake. Mwaka 1994 ikaongeza: wala kwa jinsia. Kwa hiyo wewe mwanajuri mweusi ukiondolewa na wakili wa upande mwingine akasimama kupinga, jua anasimamia haki ambayo ni yako pia.

Hatua ya 8: Ukishaketi

Kipimo cha kesi za madai si "pasipo shaka". Ni mizania ya uwezekano: upande wa nani umeelemea, hata kama ni kwa uzito wa punje. Watu wetu huingia na kile cha jinai kichwani na kumnyima mdai haki yake kwa kuwa "sina uhakika kamili". Hutakiwi kuwa nao.

Usitafute chochote kwenye intaneti. Usiende kuangalia makutano ya barabara yaliyotajwa. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la familia hata neno moja. Mume akiuliza, mwambie utamweleza ikiisha.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Shahidi anaweza kupanda kizimbani akazungumza Kiswahili, na mkalimani akatafsiri. Wewe umesikia mwenyewe shahidi amesema "alinisukuma", na mkalimani amesema alimgusa. Sheria inakutaka ufuate Kiingereza cha mkalimani, kwa sababu wanajuri wote lazima wapime ushahidi mmoja. Usiwasahihishe wenzako ndani ya chumba. Utakuwa umegeuka shahidi ambaye hakuapishwa. Andika kikaratasi, mpe ofisa wa mahakama ampelekee jaji, eleza neno lililokosewa. Jaji ataamua. Mwaka huo huo wa 1991, katika kesi ya jinai ya New York, Mahakama Kuu iliruhusu wazungumzaji wa Kihispania waondolewe kwa kuwa mwendesha mashtaka alitilia shaka kama wangeikubali tafsiri. Ukiulizwa kwenye usaili kama utaifuata, fikiri kwanza, kisha jibu unachokimaanisha.

Mkishaingia chumbani mtachagua kiongozi, na mtakuta karatasi ya maswali: je, mdaiwa alizembea? Uzembe ulileta madhara? Kosa la kila mmoja ni asilimia ngapi? Fidia ni kiasi gani? Fuateni mpangilio huo, na kabla ya kuandika asilimia, mwulizeni jaji kwa maandishi kama hamjaelewa inavyobadilisha malipo. Mmeona hapo juu 90,000 ilivyogeuka 18,000.

Kama wewe ndiye mdai au mdaiwa

Juri haiji yenyewe. Katika mahakama ya shirikisho lazima uidai kwa maandishi, ndani ya siku 14 baada ya kupelekwa kwa hati ya mwisho ya madai au utetezi inayohusu jambo hilo. Ukipitisha muda, kwa kawaida haki imepotea na jaji ataamua peke yake. Mahakama ya uhamiaji haina juri kabisa. Talaka na malezi ya watoto, majimbo mengi huamua jaji, ingawa Texas huruhusu juri kuamua nani aishi na mtoto. Muulize wakili wako siku ya kwanza: tumeidai juri, na itakuwa ya watu wangapi?

Siku ya mwisho

Uamuzi ukisomwa, jaji atawashukuru na kuwaachilia. Mawakili wanaweza kukufuata koridoni kuuliza mlifikiaje pale. Mahakama nyingine huwazuia, na hata wasipozuiwa, huna wajibu wa kuwajibu. Kabla hujatoka, pita kwa karani uchukue cheti cha siku ulizohudumu. Nakala moja ni ya mwajiri. Nyingine iweke pamoja na cheti chako cha uraia, kwa sababu bahasha ya pili ikija ndani ya miaka 2 kutoka mahakama ile ile ya shirikisho, ndiyo utakayoambatisha unapoomba kusamehewa.